Usiisugue riale ya nyanya: jinsi ya kuisoma hali ya sarafu kuukuu

Nyumba nyingi za pwani hii, tangu Vanga hadi Kiunga, zina sarafu kuukuu mahali fulani. Ziko ndani ya bweta la nyanya, chini ya kasha, au ndani ya mkebe wa maziwa ya unga pamoja na vifungo na funguo zisizo na kufuli. Hutoka nje siku mirathi inapopigwa hesabu, au siku karo imekwama na mtu akakumbuka kwamba zile fedha za kale huenda zina bei. Na kabla hazijaonyeshwa mnunuzi yeyote, jambo la kwanza kufanywa huwa ni lile lile. Mtu mwenye nia njema huchukua ukwaju, au ndimu na majivu, siku hizi hata dawa ya meno, akazisugua mpaka zikametameta kama sinia ya harusi.

Hapo ndipo bei inapomwagika. Sarafu ambayo asubuhi ingemtoa mkusanyaji mate, jioni inanunuliwa na sonara kwa uzani wa fedha iliyomo. Ikiwa ni ya shaba, hata sonara haitaki. Na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa fundi.

Nalieleza hili kwa sababu naona watu wetu wanauza vibaya, na wanagawana vibaya. Familia moja niijuayo hapa Mombasa iligawa sarafu za marehemu kwa idadi: mtoto wa kiume kumi, wa kike tano, hesabu ikaonekana imekwenda kisharia. Lakini katika zile kumi mlikuwa na nne zilizotunzwa kwenye kitambaa tangu enzi za mkoloni, na zile tano za binti zote zilikuwa zimetobolewa kwa ajili ya mkufu. Hakuna aliyekusudia dhuluma. Hawakujua tu kwamba sarafu mbili za aina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana bei mara kumi na zaidi, kwa sababu ya hali peke yake.

Tuanze na kosa kubwa, la kudhani kwamba umri ndio bei. Ukitaka dalili, chukua riale ya Maria Theresa, ile wazee wetu waliyoiita riale ya Sham. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria. Lakini mwaka huo haukubadilishwa tena. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sura ile na hawakutaka nyingine, kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile, Vienna, Rome, London, Paris, Bombay na kwengineko, hadi ndani ya karne ya 20. Vienna bado wanaitengeneza. Basi riale ya 1780 iliyo mkononi mwako inaweza kuwa imezaliwa pamoja na babako. Tarehe haikwambii kitu. Hali yake na alama zake ndogo ndizo zitakazokwambia.

Bei ya sarafu husimama juu ya mambo matatu: uchache wake, wanaoitaka, na hali yake. Mawili ya kwanza huna uwezo nayo. La tatu ndilo liko mikononi mwako, na ndilo linaloharibiwa na ukwaju.

Sasa hali husomwa vipi? Kaa karibu na dirisha, au uwashe taa moja tu upande mmoja. Tandika kitambaa laini mezani ili sarafu ikikuponyoka isigonge sakafu. Ishike kwenye ukingo kwa vidole viwili, usiguse uso wake, kwani jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole juu ya shaba inaweza kuganda hapo maisha. Kisha iinamishe polepole huku na huku chini ya taa. Kile kioo kidogo ambacho mafundi saa hujibana nacho jichoni kinatosha kabisa.

Unachotafuta kwanza ni mng'aro wa kuzaliwa. Sarafu inapopigwa kiwandani, chuma cha muhuri huikandamiza kwa nguvu kubwa sana, na madini husambaa kutoka katikati kwenda ukingoni, yakaacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa jicho. Mistari ile ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu kama miali ya gurudumu unapoigeuza. Mng'aro huu haufanani na wa kusugua. Wa kusugua ni wa bapa, unang'aa kwa mpigo mmoja kama kijiko, na ukiangalia kwa kioo utaona mikwaruzo myembamba kama nywele imekwenda upande mmoja, kufuata mkono wa aliyesugua. Mkusanyaji mzoefu huiona kabla hata hujamaliza kumsalimia.

Jambo la pili ni kuchakaa. Kidole na mfuko havisagi sarafu yote sawasawa, huanza na kilichoinuka zaidi. Kwa hiyo kila sarafu ina mahali pake pa kusema kweli. Kwenye riale ya Sham tazama nywele za Maria Theresa, bega na kifua, kisha geuza uone vichwa na manyoya ya yule ndege mwenye vichwa viwili. Kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba, tazama manyoya ya shingo na ubavu wa simba, na upande wa pili taji na nyusi za mfalme. Kwenye sarafu za Kenya za tangu 1966 tazama shavu, ndevu na nywele za juu ya sikio la Mzee Kenyatta. Sehemu hizo zikiwa kali na bado zina mng'aro, sarafu haikutembea. Zikiwa na rangi tofauti kidogo na pembeni yake, kama zimepigwa kivumbi, basi ilipita mikononi, japo kidogo.

Kuna mtego hapa unaowapata hata wauzaji wazoefu. Sarafu nyingine ilizaliwa dhaifu. Muhuri ulikuwa umechoka au mgongo haukutosha, na manyoya ya simba hayakutoka tangu siku ya kwanza. Ukiona sehemu bapa, usihukumu mara moja. Iinamishe: kama mng'aro unapita juu ya ule ubapa bila kukatika, hapakuchakaa, palipigwa hafifu tu. Kama mng'aro unakatika pale, basi ni mikono ya watu. Tofauti hiyo ni pesa nyingi.

Wazungu waliotangulia katika mambo haya wamepanga ngazi, na ni vyema uijue kwa sababu mnunuzi wa mtandaoni atakusemesha kwa ngazi hiyo. Mmarekani aitwaye William Sheldon aliandika mwaka 1949 kipimo cha 1 hadi 70, akikusudia senti kubwa za shaba za Marekani za mwanzo. Fikira yake ilikuwa kwamba sarafu ya 70 iuzwe mara 70 ya ile ya 1. Hesabu ya bei haikudumu, soko halina subira ya hivyo, lakini namba zilibaki, na leo zinatumiwa kwa sarafu za dunia nzima. Kampuni mbili za Marekani, PCGS na NGC, zilizoanza miaka ya 1980, hupokea sarafu, zikaipa namba na kuifungia ndani ya plastiki ngumu ili mnunuzi aliye mbali asibishane na muuzaji.

Lugha ya ngazi yenyewe ina kichekesho. Mzungu akikwambia sarafu yako ni nzuri, usishangilie. Nzuri yake iko kwenye namba 4 hadi 6, yaani sura imebaki kivuli, maandishi yanasomeka kwa shida na ukingo umeliwa. Nzuri sana ni 8 hadi 10, nayo bado ni sarafu iliyochoka. Sarafu ambayo mimi na wewe tungeiita nzuri kwa Kiswahili cha kawaida, yenye nywele zinazohesabika na herufi kamili, huanza kwenye 20 na kwenda juu. Kwenye 40 kuchakaa ni kwa juu juu. Kuanzia 50 hadi 58 ni ile iliyotoka kidogo tu, na 60 hadi 70 ni zile ambazo hazikutumika kabisa, zinatofautiana kwa mikwaruzo ya kugongana ndani ya gunia la benki. Nyingi za pwani yetu ziko baina ya 4 na 30. Si aibu, zilifanya kazi. Zilinunua samaki, zikalipa mahari, zikalipa mabaharia wa majahazi.

Nichukue moja nizungumze nayo kwa urefu, kwa kuwa ni yetu kwa jina. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipopata hati yake ya kifalme mwaka 1888, ilitoa sarafu zenye jina la Mombasa. Ndogo ni pesa ya shaba, yenye mizani na maandishi ya Kiarabu, pamoja na mwaka 1888 na wa Hijria 1306. Kubwa ni rupia ya fedha ya 1888, ikafuatiwa na vipande vya ana 2, 4 na 8 vya mwaka 1890. Ukiona herufi ndogo H, ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Usiichanganye pesa hii na ya Seyyid Barghash wa Unguja ya 1299, ambayo nayo ina mizani. Dada hawa wawili hukaa mkebe mmoja na watu huwauza kwa jina moja. Soma tarehe na utafute neno Mombasa.

Pesa ya Mombasa si adimu kiasi hicho, na ndiyo maana hali yake huamua kila kitu. Iliyosagika ni kitu cha kumpa mtoto aweke kwenye meza yake ya kusomea. Lakini ile ambayo nyuzi za mizani ziko kali na shaba bado ina wekundu wake wa mwanzo kwenye mapengo ya herufi, hiyo wanaitafuta. Shaba hutoka kiwandani nyekundu, ikageuka kahawia polepole kwa hewa. Wakusanyaji huzigawa mafungu matatu: nyekundu, nyekundu iliyoingia kahawia, na kahawia. Bei hushuka kwa utaratibu huo. Sasa fikiria mtu anaichukua ile kahawia ya miaka zaidi ya 130, iliyotulia kama mlango wa msaji, na kuitia ndimu. Itatoka ya pinki, rangi ambayo shaba yoyote ya kweli haikuwahi kuwa nayo, na baada ya wiki chache itageuka madoadoa.

Fedha nayo hugeuka nyeusi. Weusi huo haukutokana na uchafu, umetokana na salfa iliyo hewani, kwenye mpira, kwenye sufu na kwenye karatasi za bei rahisi. Ukifunga riale kwa mpira wa kufungia noti, mwaka mmoja tu utaukuta mstari mweusi umejichora usoni. Weusi uliotanda taratibu na sawasawa hauishushi sarafu, na wapo wanaoongeza bei wakiona umechanganyika na buluu na dhahabu. Kuuondoa kwa dawa ya kusafishia vyombo vya fedha ni kuondoa ngozi ya juu ya sarafu pamoja nao.

Ila kuna adui mmoja ambaye hafai kuachwa, na sisi watu wa baharini ndio tunaopatikana naye zaidi. Ni unga wa kijani kibichi, laini kama chokaa, unaotokea kwa vidoadoa juu ya shaba. Chumvi ya hewa ya bahari imeingia ndani ya madini, ikipata unyevunyevu inaila shaba, na kile inachokitoa kinakula tena. Ukijani mgumu ulioshikamana na sarafu, wa rangi iliyokolea, kwa kawaida umetulia na hauna haraka. Huu wa unga ukiugusa unamwagika, na chini yake utakuta shimo. Sarafu yenye ugonjwa huu itenge na wenzake leo leo, kwani kinachoilea ni ile chumvi na unyevu. Iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kutia betri, uyabadilishe kila siku kwa siku nyingi, kisha ikauke barabara, na uiweke mahali pakavu pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usisugue. Usipake mafuta ya nazi, mafuta yana asidi zake, nayo hufanya vumbi ligande. Na kama sarafu ni ya thamani, mpelekee mtaalamu wa uhifadhi, usimwachie kijana wa nyumbani mwenye brashi.

Nikiwa hapo hapo kwenye kuhifadhi: yale mafuko ya plastiki laini yenye harufu kali hutoa utelezi wa kijani baada ya miaka. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, au vile vibao vya karatasi vyenye dirisha, ni salama zaidi. Andika juu ya bahasha, kamwe usiandike juu ya sarafu. Nimeona rupia ya Victoria imeandikwa kwa kalamu ya wino jina la mwenyewe.

Kuna matundu. Sarafu zetu za senti 5 na 10 za Afrika Mashariki zilitobolewa tangu kiwandani, tundu liko katikati kabisa, limezungukwa na mduara, na pembe za ndovu zimeinama pembeni mwake. Tundu hilo limemletea mtu mmoja bahati. Mfalme Edward wa Nane alitawala miezi ya 1936 tu akajiuzulu, na nchi nyingi hazikuwahi kutoa sarafu yenye sura yake. Za kwetu hazikuhitaji sura, zilitaka jina tu, kwa hiyo ndururu na senti 10 za 1936 zikatoka zikiwa na jina lake. Watu husikia habari hii wakadhani wana hazina. Zilipigwa nyingi. Iliyochakaa haina bei ya maana, ile iliyo kama jana ndiyo ya kuwekwa.

Tundu la sonara ni jambo jengine. Liko juu karibu na ukingo, mara nyingi limepindapinda, na mdomo wake una kingo kali. Mama zetu walitoboa riale kwa mikufu na vikuku, na masonara walizichomea vipete vya kutundikia. Pale palipochomewa hubaki uvimbe mdogo juu ya ukingo au doa la risasi hata kipete kikiondolewa, kwa hiyo zungusha ukingo wote chini ya kioo. Kwa mkusanyaji, sarafu iliyotobolewa au kuchomewa haina daraja tena, huiweka fungu la zilizoharibika hata kama nywele za malkia zimekamilika. Lakini sikubaliani na anayeng'oa kipete ili auze kama sarafu. Mkufu kamili wa kale, na riale zake na mnyororo wake wa asili, ni kitu chenye soko lake, na mara nyingi una bei kuliko riale zile zikitenganishwa. Ukikuvunja umepoteza vyote viwili.

Za bandia zipo, na riale ya Sham ndiyo inayoongoza. Ya kweli ina gramu 28.07 na upana wa takriban milimita 40, fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Ukingoni ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, yenye maana ya haki na huruma. Za kughushi nyingi zina ukingo mtupu, au mistari kama ya shilingi, au mshono mwembamba unaozunguka, dalili kwamba ilimiminwa ndani ya kalibu vipande viwili. Sumaku itakukamatia zile za chuma pekee. Risasi na shaba nyeupe zitapita.

Kipimo kizuri ni cha maji, na hakina gharama. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara, ile inayosoma hadi nukta mbili, uirudishe kwenye sifuri. Funga riale kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itapanda. Riale ya kweli ya gramu 28 itapandisha takriban gramu 2.75. Ya shaba ya manjano yenye uzito ule ule itapandisha zaidi ya 3, na ya risasi itapungua hadi karibu 2.5. Hapana haja ya kukwaruza wala kumwagia tindikali, vitu ambavyo wanunuzi wengine hufanya mbele ya macho yako na kisha kukupunguzia bei kwa mkwaruzo walioutia wao.

Ukishajua uzani, unajua pia sakafu ya bei, ambayo chini yake usikubali kushuka. Riale moja ina fedha safi ya gramu 23.4 hivi. Rupia ya Victoria au ya Mombasa, yenye gramu 11.66 na fedha sehemu 917, ina gramu 10.7. Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 ina robo tu ya fedha, chini kidogo ya gramu 2, na zile za 1948 kuendelea hazina kabisa. Uliza bei ya gramu ya fedha siku hiyo, zidisha. Hata riale iliyotobolewa na kupondwa haishuki chini ya hapo. Na kwa hesabu hiyo hiyo, aliyeweka riale 26 kama akiba amevuka gramu 595 za nisabu ya fedha inayotumika sana, basi amuulize shekhe wake habari ya zaka.

Sarafu za Kenya zenyewe za matumizi ya kila siku, za 1966 kuja huku, hazina fedha ndani. Ile ya shilingi 5 ya 1973 yenye pembe tisa, iliyotolewa kwa miaka kumi ya uhuru, wakusanyaji huitaka. Lakini ile ya shilingi 40 ya 2003, ambayo kila wiki simu huletewa ujumbe kwamba inanunuliwa kwa mamilioni, ilizunguka madukani mwetu sote, na mamilioni hayo hayapo. Ujumbe ule una mwisho mmoja: kabla ya kulipwa, utume ada ya usajili, au ya cheti, au ya usafiri. Mnunuzi wa kweli haombi ada. Huomba picha mbili safi, ya mbele na ya nyuma, pamoja na uzito, na ya tatu ya ukingo.

Upande wetu wauzaji nako kuna la kusema. Sarafu uliyoisugua, iseme kwamba imesuguliwa. Iliyozibwa tundu, iseme. Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu, na fiqhi yetu imempa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua na hakuambiwa, ana haki ya kuirudisha. Wapo wanaodhani sheria hiyo ni ya ng'ombe na majahazi peke yake. Na kwenye mirathi, msigawe kwa idadi. Zipangeni mezani, kila moja iandikiwe aina, mwaka, uzito, hali na kasoro yake, mtu mmoja asiye mrithi azitie bei moja moja, kisha mgawane thamani. Kama mmeshindwa, ziuzwe na zigawanywe fedha. Mahakama ya Kadhi itapokea karatasi hiyo kwa urahisi kuliko itakavyopokea ugomvi wa kumbukumbu.

Limebaki la serikali, ambalo wengi hulisahau. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo ndani ya mstari huo, na riale iliyokuja na jahazi kabla ya hapo pia. Kuimiliki si kosa. Kuitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, kwa hiyo yule mgeni anayetaka kuitia mfukoni na kupanda nayo ndege umwambie mapema, na uanzie ofisi za Makumbusho ya Taifa, Fort Jesus au Lamu.

Na ile inayotoka ardhini ni habari nyengine kabisa, mambo ya daraja na mng'aro hayaingii. Sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424, ilipatikana Mambrui mwaka 2010, na nyingine kama hiyo kisiwani Manda mwaka 2013. Ukiziweka mezani ni vipande vidogo vyenye tundu la pembe nne. Kilichozipa uzito ni kwamba zilifukuliwa na wataalamu, wakajua zilikuwa tabaka gani la udongo na pamoja na vigae gani. Ukilima shamba au kuchimba msingi ukakuta kitu kama hicho, usikioshe. Piga picha kikiwa pale pale kilipolala, weka alama mahali hapo, simamisha jembe, na upige simu Makumbusho kabla mvua haijanyesha.